Kupunguza uzito wa gari la michezo: kilo ipi itoke?

Kupunguza uzito wa gari la michezo ni kuondoa kilo ili injini, breki na matairi yaliyopo yawe na mzigo mdogo wa kuhangaika nao. Injini yenyewe haiguswi. Chukua gari la kilo 1,400 lenye nguvu za farasi 280: kila farasi anavuta kilo 5. Toa kilo 140 na kila farasi anabaki na kilo 4.5. Kuufikia uwiano huo bila kutoa chochote ungelazimika kuiongezea injini farasi 31. Wengi huishia kwenye hesabu hiyo na kuona wepesi ni njia nyingine tu ya kutafuta kasi. Lakini farasi wa ziada wanakufaa pale tu unapokanyaga mafuta. Kilo iliyotoka inakufaa unapoondoka, unapofunga breki na unapokata kona.

Siri ya kona iko kwenye tairi. Tairi likiongezewa mzigo mara mbili halishiki lami mara mbili. Mshiko unaongezeka, ila haufiki hapo. Kwa hiyo gari jepesi linapata mshiko zaidi kwa kila kilo yake, na linaweza kupita kona ileile kwa mwendo mkubwa kuliko pacha wake mzito aliyevaa matairi yaleyale.

Kwenye breki hoja kubwa ni joto. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kilojuli 540 hivi, na ukilisimamisha ghafla karibu zote zinageuka joto kwenye diski na pedi. La kilo 1,260 lina 486. Kwa breki moja tofauti hiyo huisikii. Kwenye mteremko mrefu wenye kona zilizofuatana, gari moja linaanza kunuka pedi na jingine linaendelea kama kawaida. Mahali ambapo wepesi hausaidii sana ni kwenye kasi ya juu kabisa. Pale gari linashindana na upepo, na upepo hauulizi kilo.

Kabla ya kufungua nati hata moja, gari lipimwe. Namba za uzito zinazotangazwa hazipimwi kwa namna moja. Wapo watengenezaji wanaotaja uzito mkavu, bila petroli na pengine bila oili wala maji ya rejeta, yaani gari ambalo haliwezi hata kuwaka. Kipimo cha Umoja wa Ulaya huhesabu tangi likiwa limejaa kwa asilimia 90 pamoja na kilo 75 za dereva. Ukilinganisha magari mawili kwa vipimo hivyo viwili unaweza kupata tofauti ya zaidi ya kilo 100 ambayo kwa kweli haipo. Mizani ya sahani nne, kila gurudumu na yake, haibishaniwi, na pamoja na jumla inakuonyesha uzito umekaa wapi. Itakuonyesha pia kwamba kilo za kwanza ni za bure. Petroli ina kama kilo 0.74 kwa lita, hivyo tangi la lita 60 likiwa nusu tayari limekupunguzia kilo 22. Halafu fungua buti. Kuna watu wanahangaika na boneti ya nyuzi za kaboni huku wanatembea na sanduku zima la spana ambalo halijafunguliwa tangu gari linunuliwe.

Magari mepesi kweli huwa yamezaliwa mepesi. Lotus Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na fremu ya alumini iliyounganishwa kwa gundi badala ya kuchomelewa, fremu yenye kilo 68 tu, na gari zima likawa na kilo 720 na kitu. Injini yake haikufika nguvu za farasi 120, na bado iliyasumbua magari yenye injini kubwa mara mbili. Ukianza na kitu kidogo, kila kinachofuata kinakuwa kidogo: fremu nyepesi inahitaji injini ndogo, injini ndogo inahitaji gia ndogo, gari lote linahitaji diski ndogo na matairi membamba, na tangi dogo linatosha. Mnyororo huo huwezi kuupata gereji. Fundi anayepunguza gari lililokwisha kuundwa anakata ncha za mnyororo tu, ndiyo maana kutoa kilo 100 kwenye gari la kisasa la barabarani, likabaki la barabarani, ni kazi nzito kuliko inavyosikika.

Hata hivyo viwanda vyenyewe vimewahi kufanya kazi ya fundi. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973, katika toleo lake jepesi, ilipewa bati jembamba zaidi, vioo vyembamba, haikuwa na viti vya nyuma, milango ilivutwa kwa utepe, na hata saa ya dashibodi iliondolewa. Ikafika kilo 960, wakati ndugu yake wa starehe alikuwa na 1,075. BMW M3 CSL ya 2003 ilipungua kilo 110 kutoka M3 ya kawaida. Ilipewa paa la nyuzi za kaboni na kioo chembamba cha nyuma, na redio pamoja na kiyoyozi vikawa vya kuomba. Ferrari F40 ya 1987 haikuwa na zulia wala redio, na mlango wake ulifunguliwa kwa kamba, lakini kiyoyozi walikiacha. Nitakirudia kiyoyozi hicho.

Sasa tuje kwenye kiini. Kilo moja hailingani na kilo nyingine. Mizani ya jumla haijui hilo, lakini gari linajua.

Kuna uzito ulio chini ya springi: tairi, rimu, diski, kalipa inayobana pedi, na habu ambayo gurudumu hufungwa. Vitu hivi havibebwi na springi. Vinapanda na kushuka pamoja na kila tuta na kila shimo. Gurudumu zito likirushwa juu linachelewa kurudi chini, na kwa muda huo tairi linagusa lami kidogo au haligusi kabisa. Wepesi wa hapa unaongeza mshiko na unalainisha safari kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi kwenye marekebisho ya gari. Na kwa kuwa rimu na tairi vinazunguka, injini inavilipia mara mbili: kuvisogeza mbele na kuvizungusha. Kilo iliyoko kwenye mzunguko wa nje wa tairi, wakati wa kuongeza kasi, ni kama kilo 2 zilizotulia sakafuni. Rimu iliyofuliwa kwa shinikizo kubwa huwa nyepesi kuliko ya kumiminwa yenye ukubwa uleule, kwa sababu metali yake ni imara zaidi na inaweza kuwa nyembamba. Lakini njia rahisi kuliko zote ni kushuka kipimo, kutoka inchi 19 kwenda 18 au 17 kama breki zinaenea ndani. Hapa urembo na kazi vinagombana, na kwa macho ya watu wengi urembo ndio unaoshinda. Usisahau kuyapima matairi yenyewe; mawili ya kipimo kimoja yanaweza kupishana kwa kilo nzima.

Flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, ndiyo mfano mkali zaidi, kwa sababu inapita kwenye gia. Tuseme umetoa kilo 4 kwenye ukingo wake, wastani wa sentimita 11 kutoka katikati. Ikiwa gia ya kwanza pamoja na difu inapunguza mzunguko mara 13, na tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 31, gari litaongeza kasi kana kwamba limepunguzwa kama kilo 85 zaidi. Panda hadi gia inayopunguza mara 4 tu na faida inashuka hadi kilo 8. Inavutia, ila flaiwili ilikuwa nzito kwa makusudi. Ndiyo inayoituliza injini ikiwa imesimama na kuizuia isizime unapoachia klachi kwenye mlima, na kwenye magari mengi ya leo imeundwa vipande viwili vyenye springi katikati ili kumeza mitetemo isifike kwenye gia. Kwa gari la kila siku ningeiacha ilivyo.

Kisha kuna urefu kutoka chini. Kilo ya paani ni mbaya kuliko ya sakafuni, kama mzigo wa kichwani ulivyo mgumu kwa mtu anayekimbia kuliko uleule kiunoni. Paa la kaboni haliokoi kilo nyingi, lakini zilizotoka ndizo zilizokuwa zikilivuta gari lilale upande kwenye kona.

Mbele na nyuma nako kuna mtego. Vitu rahisi kutoa viko nyuma: viti vya nyuma, tairi la akiba, mazulia ya buti. Gari la kilo 1,400 lenye asilimia 60 ya uzito mbele lina kilo 840 mbele na 560 nyuma. Toa kilo 60 zote za nyuma na asilimia ya mbele inapanda karibu hadi 63. Gari limepungua, lakini pua imezidi kuwa nzito kwa uwiano, na matairi ya nyuma yamebaki na mzigo mdogo wakati wa breki. Kuna mafundi wanaohamisha betri kutoka mbele kwenda kwenye buti, waya mnene ukaongeza kilo kadhaa, na gari likageuka vizuri kuliko mwanzo. Jumla imepanda na gari limeboreka.

Kwa gari linalobaki barabarani, vitu vya kuanza navyo si vingi. Kiti cha mbele chenye mota na vipasha joto kinaweza kufika kilo 25 au zaidi, na kiti cha ganda, yaani kigumu cha kipande kimoja kisicho na mota, hakifiki nusu yake. Betri ya risasi ina kilo 15 hadi 20. Ya lithiamu ni sehemu ndogo tu ya hizo. Porsche walipoanza kuuza betri ya lithiamu kwa 911 GT3 na Boxster Spyder, ilikuwa na kilo zisizofika 6 na ilipunguza zaidi ya 10, lakini mteja alipewa na ya kawaida pia, kwa sababu ya lithiamu inalegea kwenye baridi kali. Ekzosi ya titani ina faida ya kweli, kwani mafla ya kiwandani ni mzito. Diski za kaboni na kauri zina takriban nusu ya uzito wa zile za chuma, lakini kwa bei yake zinafaa magari machache tu.

Vingine vibaki. Boriti za milangoni, chuma kilicho nyuma ya bampa na mifuko ya hewa havionekani na vina uzito, kwa hiyo kila anayeanza kazi hii huvitamani. Hivyo ndivyo vinavyokutoa ukiwa hai. Kiti cha ganda kinaweza kuondoka na mfuko wa hewa wa ubavuni pamoja na kihisio cha abiria, hivyo mfumo mzima unahitaji kuangaliwa upya na mtu anayeufahamu. Mkanda wa pointi nne au sita bila boriti ya kuzuia paa ni hatari: gari likipinduka na paa likibonyea, umefungwa wima na huna pa kuinamia. Na kizimba kamili cha mabomba ndani ya gari la barabarani ni hatari ya aina yake, kwa sababu dereva asiyevaa helmeti anaweza kugonga kichwa kwenye bomba katika ajali ambayo bila bomba angetoka na michubuko. Kuondoa viti vya nyuma kunaweza kubadili idadi ya viti iliyosajiliwa. Kagua sheria na bima kwanza.

Kiyoyozi ndicho kinachotolewa mapema kupita kiasi. Kinaokoa kilo kumi na kitu hadi ishirini, nyingi zikiwa mbele, na hesabu inavutia. Lakini kiyoyozi hukausha hewa, na siku ya mvua ndicho kinachosafisha kioo cha mbele. Dereva aliyelowa jasho au asiyeona mbele haendeshi kwa kasi. Waliounda F40 walitoa hadi zulia wakakiacha. Lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni nayo watu huibandua kwa barafu kavu (kabonidayoksaidi iliyogandishwa) na nyundo, milango ikiwa wazi ili gesi yake isijae ndani. Ni jasho jingi kwa kilo chache, na malipo yake ni mngurumo na joto la ekzosi katika kila safari.

Kilo zikishatoka, kazi haijaisha. Springi zilizoundwa kwa uzito wa zamani sasa ni ngumu kupita kiasi, gari limeinuka, na limeinuka zaidi upande uliopunguzwa zaidi. Urefu kutoka chini urekebishwe, shokomzoba zilegezwe kama zina skrubu ya kurekebisha, na ikiwezekana springi laini zaidi zifungwe. Kisha gari lirudi kwenye sahani nne, dereva akiwa amekaa ndani na petroli ikiwa kiwango cha kawaida, hadi uzito wa gurudumu la mbele kushoto ukijumlishwa na wa nyuma kulia ukaribie nusu ya jumla. Mwisho magurudumu yapangwe pembe upya, maana gari likibadili urefu wake pembe zote hubadilika nalo.