Je, wajua kwa nini Mabedui huvaa nguo nyeusi jangwani?

Swali hili nimelijibu vibaya mara mbili, na mara zote mbili kwa kujiamini.

Mara ya kwanza nilikuwa nafunga begi la safari ya Dahab, mji mdogo wa pwani ya Sinai nchini Misri. Nilitia kaptura na fulana nyeupe za kubana, basi. Kichwani nilikuwa na somo la shule: nyeusi hufyonza joto, nyeupe hulirudisha. Nilipofika nikakuta Mabedui wamejifunika tangu utosini hadi vifundoni, wanawake wengi kwa nguo nyeusi tii, na aliyekuwa akihema na kutafuta kivuli ni mimi. Nikaamua kwamba wanavumilia tu kwa ajili ya mila.

Mara ya pili, baada ya safari, nilisoma juu juu kwamba sayansi imethibitisha nguo nyeusi ina ubaridi kuliko nyeupe. Habari tamu hiyo! Nikamsimulia kila aliyetaka kusikia, na wachache ambao hawakutaka. Nayo pia si kweli.

Utafiti wenyewe upo. Ulichapishwa mwaka 1980 katika jarida la Nature na Amiram Shkolnik, C. Richard Taylor, Virginia Finch na Arieh Borut, na kichwa chake kiliuliza swali hilihili. Walipima joto linaloufikia mwili wa mtu aliye kwenye jua la jangwani akiwa na kanzu nyeusi, kisha nyeupe. Jibu: sawasawa. Kanzu nyeusi haikushinda wala haikushindwa. Ilifyonza joto zaidi, kama mwalimu alivyosema, ila lile la ziada lilipotelea njiani kabla ya kugusa ngozi.

Kwa hiyo somo la shule ni sahihi kuhusu kitambaa. Kosa ni kudhani kwamba joto la kitambaa ndilo joto la aliyekivaa. Wale wa “nyeusi ina ubaridi” nao, nikiwemo mimi, tulisoma neno “sawa” tukalisikia kama “bora”.

Joto la ziada linapotea vipi? Maelezo ya kawaida ni ya dohani. Moto wa jikoni hupasha hewa, hewa ya moto huwa nyepesi, hupanda na kutokea juu, na nafasi yake hujazwa na hewa inayoingia mlangoni. Moto ukikolea, mvuto nao hukolea. Sasa ivike dohani hiyo mikono miwili: pindo la kanzu ndilo mlango, shingo ndiyo tundu la juu, na kitambaa kilichochomwa na jua ndicho moto. Mtu akitembea au upepo ukipuliza, kanzu hujaa na kubonyea kama mvukuto wa mhunzi, ikisukuma nje hewa iliyopata joto na kuvuta nyingine. Mhunzi angeshangaa kidogo, maana yeye hupuliza ili joto lizidi.

Msomaji makini atauliza: hewa ya jangwani yenyewe si ya moto? Ni ya moto, na mchana inaweza kuizidi ngozi. Lakini kitambaa cheusi kilicho juani kina joto kuliko hata hewa hiyo, hivyo hewa ikipita bado ina kitu cha kuchukua. Tena ni kavu, kwa hiyo hunywa jasho haraka, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Fulana yangu haikuwa na mlango wala tundu. Ilishikamana na mgongo na kuukabidhi kila kilichotoka juani.

Hapa pana masharti. Kanzu iwe pana, na hewa iwe kavu. Kwenye unyevunyevu jasho hubaki palepale, na hesabu yote hubadilika.

Nashuku uvumi wa “nyeusi ina ubaridi” ulitoka kwa njiwa. Kabla ya utafiti wa Mabedui, majaribio ya manyoya ya njiwa chini ya mwanga wa kuigiza jua yalionyesha kwamba manyoya yakiwa yamesimamishwa na upepo ukizidi mita 3 kwa sekunde, joto linalopenya manyoya meupe ni jingi kuliko linalopenya meusi. Manyoya meupe huruhusu miale kuzama ndani kuelekea ngozini. Meusi huikamata kwenye ncha, na upepo huondoka na joto lake. Ni matokeo ya ajabu na ya kupendeza, lakini ni ya njiwa.

Kama rangi zinakaribia kutoka sare, mila ina uhuru wa kuchagua, na nadhani hili ndilo jambo la kutazama mtu anapotaka kuiga mavazi ya mitaani ugenini. Katika nchi za Ghuba mume katika kanzu nyeupe na mke katika abaya nyeusi hupita barabara ileile, chini ya jua lilelile. Joto lingekuwa ndilo hakimu, mmoja wao angebadili nguo zamani. Kwa hiyo rangi chagua uipendayo. Cha kuiga ni mshono: upana wa kwapa, urefu wa pindo, jinsi shingo inavyoachwa wazi.

Mabedui wa Sinai hufuga pia mbuzi weusi, na mbuzi hao nao walipimwa. Kwao hakuna sare: juani, mweusi hupata joto zaidi kuliko mweupe. Faida yake huja siku za baridi, anapoota jua badala ya kuchoma chakula chake ili apate joto. Kanzu ya mbuzi, kwa bahati mbaya, ni ya kubana.