Iqrit: kijiji ambacho watu wake hawakukimbia

Kuna dai la miaka mingi kwamba Wapalestina waliohama mwaka 1948, katika vita vya kuundwa kwa Israeli, walihama kwa hiari, wakiitikia viongozi wa Kiarabu waliowataka wapishe vita. Vijiji vilihamwa kwa sababu mbalimbali, mara nyingi hofu na mashambulizi, lakini Iqrit haiingii kabisa katika dai hilo.

Iqrit kilikuwa kijiji cha Wakristo Wakatoliki, kaskazini mwa Galilaya, karibu na mpaka wa Lebanoni. Jeshi la Israeli lilipofika mwishoni mwa Oktoba 1948, wenyeji hawakupigana. Siku chache baadaye jeshi hilohilo liliwaambia waondoke kwa majuma mawili tu, likawapeleka kijiji cha Rameh. Yaani walibaki ndani ya Israeli, tena wakawa raia wake.

Majuma mawili yakawa miaka. Wakaenda mahakamani, na Julai 1951 Mahakama Kuu ikawapa haki ya kurudi. Jeshi halikukubali: Krismasi ya mwaka huohuo lililipua nyumba zao. Kanisa liliachwa, na tangu miaka ya 1970 wameruhusiwa kuzika wafu wao pale. Kuishi, bado.