Sindano ya mgongo haibakizi dawa mwilini

Ujumbe ule umerudi tena kwenye makundi ya akina mama, Unguja na Pemba: ukijifungua kwa upasuaji ukachomwa sindano ya mgongo, ile ya ganzi, dawa hubaki humo na mgongo utakuuma maisha. Si kweli.

Ganzi hii ilianza kutumika Ujerumani mwaka 1898. Sindano nyembamba huingizwa kiunoni, chini ya pale neva kuu ya mgongo inapoishia, kisha hutolewa. Dawa huisha nguvu baada ya saa chache. Ndiyo maana vidole vya miguu huanza kucheza mama akiwa bado wodini.

Mgongo unauma kweli, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Lakini ujauzito wenyewe hulegeza viungo, halafu kuna kuinama mkekani kunyonyesha, kuna ndoo za maji. Waulize mashangazi waliojifungua kawaida, bila sindano yoyote: wengi nao waliumwa.

Kichwa kikiuma sana ukikaa na kupoa ukilala, siku za mwanzo, rudi hospitali. Hilo hutokea, na lina tiba.

Tafadhali, ujumbe ule usiutume tena. Kuna mjamzito anausoma usiku huu, na kesho asubuhi anaingia chumba cha upasuaji.