Mchungwa wa uani usifike juu ya bati

Mtu anapanda mche wa mchungwa hatua mbili tu kutoka ukutani, kwa kuwa siku hiyo ni kijiti chenye majani kumi. Miaka michache baadaye matawi yamelala juu ya bati, machungwa mazuri yako kileleni, watoto wanayapopoa kwa mawe, na mwenye nyumba anakwenda kwa jirani kuazima panga. Sisi wataalamu wa kilimo huitwa panga likiwa limeshamaliza kazi.

Mchungwa haukatwi kama mjohoro. Majani yake hayapukutiki kwa msimu, na humo ndimo mti unamoweka sehemu kubwa ya akiba yake. Ukiunyoa wote, utajibu kwa maotea: fito ndefu zilizonyooka, zenye miiba, zinazokimbilia juu bila kuzaa. Na gome lililozoea kivuli likipigwa na jua ghafla huungua na kupasuka. Hapo paka chokaa iliyokorogwa kwa maji. Kwa hiyo usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka. Mti uliokwishakushinda, ushushe kwa miaka mitatu.

Usikate nchani, maana macho ya kuchipua yaliyo chini tu ya mkato yatatoa kila moja ufito wake. Lifuate tawi refu hadi linapoachana na tawi dogo linaloelekea pembeni, ukate hapo. Usiache kigingi cha kuanikia nguo, wala usichimbe hadi shinani: tawi linapoanzia pana uvimbe kama pete, na ndio unaofunga kidonda. Tawi nene lipige msumeno kwanza kwa chini, kisha juu, lisije likaanguka na kuchuna gome. Futa msumeno kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

Kwa Tanga na Pwani, kata mavuno makuu yakiisha, Agosti au Septemba, kabla vuli haijaleta machipukizi na maua. Mndimu na mlimau huzaa karibu mwaka mzima, hivyo usingoje msimu.

Kuna lalamiko jingine: “Mchungwa wangu umegeuka mlimau.” Haujageuka. Miche mingi ya kubebeshwa huku kwetu ni kikonyo (kijiti) cha mchungwa kilichoungwa juu ya shina la mlimau. Inama utazame chini ya shina. Utaona kovu la maungio. Chochote kinachochipua chini ya kovu hilo ni mlimau, na ukikiachia kitaumeza mchungwa. Kinyofoe kwa mkono kikiwa kichanga. Ukikikata kwa kisu, macho yaliyobaki yatachipua tena.

Na mwenye mche mpya asingoje ufike kwenye bati. Ukifika kiunoni, kata ncha, maana hapa ndipo unapotaka utoe matawi, kisha bakiza matawi matatu au manne yanayotazama pande tofauti. Ni kazi ya dakika mbili, kwa mkasi.