Mahakama Kongwe ya St. Louis na Kesi ya Dred Scott

Wengi huamini kwamba Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, alinyimwa uhuru huo chini ya kuba kubwa la mahakama ya zamani ya kaunti mjini St. Louis, Marekani. Imani hiyo ina makosa mawili, na la kwanza linaidhulumu historia.

Ni kweli kwamba Scott alishindwa humo mwaka 1847, kwa kasoro ya ushahidi. Lakini kesi iliposikilizwa upya mwaka 1850, baraza la wazee wa mahakama, wote wakiwa wazungu, liliamua kwamba yeye ni mtu huru. Walioutengua uamuzi huo walikuwa majaji wa Mahakama Kuu ya jimbo la Missouri, mwaka 1852, na hukumu mashuhuri ya mwaka 1857, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilimnyima Scott uhuru, ilitolewa mbali sana, Washington. Miezi michache baadaye, Scott alirudi katika jengo lilelile la St. Louis kukamilisha hati za kuachwa huru na mmiliki wake.

Kosa la pili ni la usanifu. Ujenzi ulianza mwaka 1839, lakini kuba la chuma tunaloliona leo, lililobuniwa na William Rumbold kwa kufuata umbo la kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, lilikamilika miaka ya 1860 ilipokuwa ikianza, Scott akiwa ameshafariki. Chumba chenyewe cha kesi, ghorofa ya chini upande wa magharibi, hakipo tena: kilikatwa katikati na ukumbi wa kupitia, ili kuta zake zibebe sakafu ya juu.