Je, wajua kwa nini ofisi huendelea kulipia programu za mtu aliyeacha kazi?

Mfanyakazi akiacha kazi, mshahara wake hukoma. Funguo hurudishwa, kitambulisho huchukuliwa, meza hupewa mwingine. Lakini barua pepe yake ya ofisi na programu zake za kuandikia na za mahesabu zinaweza kuendelea kulipiwa miezi kadhaa, hata miaka, bila mtu kushtuka, kwa sababu ankara inakuja ileile kila mwezi na ankara isiyobadilika haimshtui mtu. Inakuwaje?

Jibu nililokuwa nalo mimi zamani halikuwa sahihi. Nilikuwa nashika hesabu za ofisi ndogo ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, na kichwani mwangu programu hizi za kulipia kwa mwezi zilikuwa ndugu wa LUKU. Unanunua uniti, ukitumia zinapungua, usipotumia zinabaki kwenye mita. Jina lenyewe linasema: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Kwa hiyo mtu akiondoka, nilimwomba fundi wetu wa kompyuta aisimamishe akaunti yake, naye aliisimamisha siku hiyohiyo. Nikaamini gharama imezimika kama taa. Siku tulipokaa na ankara za mwaka mzima tukakuta tunalipia watu 23. Ofisini tulikuwa 14.

Nilisoma yale majina tisa moja baada ya jingine. Wanafunzi watatu waliokuja kwa mafunzo ya vitendo ya wiki nane. Dereva aliyefunguliwa barua pepe na hakuwahi kuifungua. Dada wa mapokezi aliyehamia Mombasa alikoolewa. Jina la mwisho lilikuwa la mtu ambaye mimi sikuwahi kukutana naye; aliondoka kabla sijaajiriwa. Pembeni ya majina mengi palikuwa na alama kwamba akaunti imesimamishwa, na bado kila moja ilikuwa imo ndani ya jumla ya malipo.

Kosa langu nadhani ni la wengi, kwa hiyo nilikalie kidogo. Programu hizi si LUKU. Jamaa yake wa karibu ni king'amuzi. Ukilipia kifurushi cha mwezi, siku zinahesabika uwe umekaa mbele ya televisheni, umesafiri kwenda kijijini, au umeme umekatika wiki nzima. Kampuni ya king'amuzi haijui kama umetazama, na haihitaji kujua. Umelipia mlango uwe wazi kwa siku 30. Google wanaeleza wazi kuhusu Workspace, huduma yao ya barua pepe na programu za ofisi, kwamba akaunti iliyosimamishwa hutozwa kama inayotumika. Maneno hayo yapo, yanasomeka na yeyote. Ila sisi tuliona neno "kusimamisha" tukasikia "kuacha kulipa", ilhali kusimamisha ni kumzuia mtu asiingie tu. Kufuli limebadilishwa, kodi ya chumba inaendelea.

Hata king'amuzi hakifikishi mfano mwisho, kwa kuwa king'amuzi ni kimoja na ofisi ina watu wengi. Mfano unaofika ni wa viti vya kukodi.

Fikiria harusi. Kamati imekodi viti 300. Mwenye viti anavishusha kwenye gari, vijana wake wanavipanga chini ya maturubai, vitambaa vinafungwa. Usiku wageni waliofika ni 210. Asubuhi hakuna mwanakamati atakayemwendea kumwambia kuwa viti 90 havikukaliwa, basi tupunguzie. Wote wanaelewa kwamba alikodisha kiti kiwepo, na kukaa ni juu ya mgeni. Sasa mgeni mmoja anaaga saa nne usiku. Kiti chake kinabaki wazi, na mgeni mwingine anaweza kukikalia bila kamati kuongeza hata shilingi. Lakini viti vilivyokodiwa bado ni 300. Mgeni kuondoka ni jambo moja. Kumpigia simu mwenye viti ili apunguze idadi kwa shughuli ijayo ni jambo la pili kabisa, na hakuna kiti kinachojipigia simu.

Ndivyo ilivyo kwenye Microsoft 365, kifurushi cha Microsoft cha barua pepe na programu za ofisi, karibu neno kwa neno. Kuna namba mbili. Ya kwanza ni leseni, yaani viti, ambazo ofisi imenunua, ya pili ni leseni zilizogawiwa watu. Ukifuta akaunti ya mtu, namba ya pili inashuka, leseni yake inarudi kwenye fungu na kusubiri atakayepewa. Namba ya kwanza haitikisiki, na ankara inasoma namba ya kwanza. Kuishusha hiyo lazima uende kwenye ukurasa mwingine, wa malipo, ubadilishe idadi wewe mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha gharama yote, na kwangu ni jambo la kustaajabisha jinsi lilivyo dogo. Kurasa ni mbili, na katika ofisi nyingi watu ni wawili vilevile. Fundi ana ruhusa ya kufuta watumiaji, lakini ankara haioni. Mhasibu anaona ankara, lakini orodha ya watumiaji haioni. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri. Fedha inavuja katikati yao, mahali ambapo hakuna aliyetumwa kusimama. Tuseme kiti kimoja ni dola 12 kwa mwezi. Viti tisa vitupu ni dola 108 kwa mwezi, dola 1,296 kwa mwaka, na kwetu sisi dola hiyo inanunuliwa kwa shilingi.

Haikuwa hivi siku zote. Zamani programu iliuzwa kwenye boksi lenye diski; ukilipa mara moja, ni yako mpaka kompyuta ife. Microsoft walianza kuuza Office 365, jina la awali la Microsoft 365, mwaka 2011, na mwaka 2013 Adobe wakatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zao za usanifu yatapatikana kwa malipo ya muda tu. Wengine wakafuata. Boksi halijafa kabisa, kwani Office 2024 bado inauzwa kwa malipo ya mara moja, lakini haiji na barua pepe ya ofisi wala hifadhi ya mtandaoni ambavyo biashara nyingi ndivyo zinavyovifuata.

Kwa nini basi wasihesabu matumizi, kama mita? Sababu moja ni kwamba gharama ya kutengeneza programu iko karibu yote kwenye nakala ya kwanza. Wahandisi wakishalipwa, mtumiaji mmoja zaidi anamgharimu muuzaji kidogo sana, tofauti na uniti ya umeme ambayo lazima izalishwe kila inapotumika. Bei haiwezi kushikamana na gharama ambayo karibu haipo, kwa hiyo inatafuta kitu kingine cha kushikamana nacho, na kichwa cha mtu kinahesabika kwa urahisi. Tena kampuni yenye watu 500 kwa kawaida ina uwezo wa kulipa kuliko yenye watu watano. Mnunuzi naye hupenda bei asiyohitaji kuibahatisha anapopanga bajeti. Wapo wachache wanaofanya vingine: Slack, huduma ya kutumiana ujumbe ofisini, wamekuwa na utaratibu wa kumrudishia mteja salio kwa mtu asiyeingia kwa muda.

Na zipo huduma zenye mita kweli. Amazon walianza kukodisha seva zao, yaani kompyuta zinazoendesha tovuti na programu za wengine, mwaka 2006 kwa malipo ya saa, na siku hizi seva nyingi huhesabiwa kwa sekunde. Ila neno "matumizi" hapo liangaliwe vizuri. Seva iliyowashwa inahesabu, hata kama hakuna mteja aliyefungua tovuti yako usiku kucha. Ni teksi iliyoegeshwa nje ya nyumba mita ikisoma huku wewe umelala. Kwa hiyo kuhamia kwenye mita si lazima kupunguze gharama. Kunapunguza kwa anayekumbuka kuzima.

Turudi kwenye viti, maana kuna tarehe ambayo ni muhimu kuliko punguzo lolote. Kwenye mkataba wa mwaka, Google na Microsoft wote hukuruhusu kuongeza viti siku yoyote, lakini kupunguza unasubiri mkataba unapohuishwa. Microsoft hutoa dirisha la siku saba baada ya kununua au kuhuisha. Likifungwa, idadi imeganda mpaka mwaka ujao. Sisi tuliwagundua wale tisa miezi mitano kabla ya tarehe yetu. Tukalipa miezi mitano kwa viti tulivyojua ni vitupu. Tarehe ile sasa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, karibu na tarehe ya kodi ya pango, na wiki mbili kabla yake fundi na mhasibu wanakaa meza moja na orodha mbili.

Mkataba wa mwezi kwa mwezi unaruhusu kupunguza mapema, na kwa Microsoft bei yake huwa juu kwa takriban asilimia 20. Kwa ofisi ambayo watu wake hawabadiliki, huo ni upotevu. Lakini chukua kambi ya watalii ya Arusha inayoongeza watu Juni na kuwapunguza Oktoba ikiisha: viti vya wale wa kudumu wanunue kwa mwaka, vya msimu kwa mwezi. Asilimia 20 ya ziada kwa miezi mitano ni nafuu kuliko kulipia kiti miezi 12 na kukikalia mitano.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuachana na programu za kulipia. LibreOffice, programu za ofisi za bure, ipo tangu 2010, haiuzwi, inaandika barua na kukokotoa mahesabu bila shida. Isitoshe, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilikuwa kimekwisha kuitoa mtangulizi wake, OpenOffice, kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice. Mimi LibreOffice ninaitumia nyumbani na ninaipenda. Kwa ofisi nzima ningekuwa mwangalifu zaidi, hasa kama mahesabu yenu yamejengwa juu ya makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, kwa kuwa nyingi hugoma zikihamishwa. Jiji la München, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhama Windows na kuhamia programu zisizouzwa, na kufikia 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta karibu 15,000. Jiji lilisema limeokoa zaidi ya euro milioni 10. Ripoti iliyoandaliwa na HP kwa ajili ya Microsoft ikasema kuhama kuligharimu zaidi kuliko kubaki. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Kila upande ulikuwa na lake la kutetea, kwa hiyo sioni kama mfano huo unathibitisha lolote zaidi ya hili: leseni ni sehemu tu ya gharama, na kuwafundisha watu upya ni sehemu nyingine isiyoandikwa kwenye ankara.

Kinachofanya kazi kwa haraka zaidi ni kumpa kila mtu kiti cha kimo chake. Mtunza stoo anayesoma barua pepe kwenye simu anatosheka na kifurushi cha chini, kisichokuwa na programu za kupakua. Na barua pepe ya aliyeondoka, ambayo wateja bado wanaiandikia, haihitaji kiti: kwenye Microsoft 365 inaweza kugeuzwa sanduku la pamoja lisilolipiwa leseni mpaka lijae GB 50, na wenzake wakaendelea kulisoma.

Jambo moja la tahadhari kwa atakayeanza kufuta leo. Tulipofikia lile jina la mtu nisiyemjua, tulilifuta bila wasiwasi. Kesho yake asubuhi mashine ya kunakili ikagoma kutuma nyaraka ilizoskani, na matamko ya forodha ya mteja yakakwama mpaka saa sita mchana. Kumbe aliyeisimika mashine ile aliingiza akaunti ya mtu huyo kuwa ndiyo ya kutuma barua pepe. Bahati nzuri Microsoft huhifadhi akaunti iliyofutwa kwa siku 30, tukairudisha, kisha tukaipa mashine anwani yake yenyewe. Sasa kabla ya kufuta jina lolote tunaangalia kwanza lilituma barua lini mara ya mwisho. Lile jina lilikuwa limetuma jana yake, mara 41.