Wasafiri wa Jules Verne hawakutua Mwezini

Wengi huamini kwamba katika riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1865 kuhusu safari ya Mwezini, mashujaa wanatua huko na kupambana na wenyeji. Hakuna kitu kama hicho. Barbicane, Nicholl na Ardan wanafyatuliwa kutoka Florida kwa mzinga wa mita 270 hivi uliochimbiwa ardhini, na kitabu kinakwisha wakiwa bado angani. Katika mwendelezo wake, mvutano wa kimondo kikubwa unawapotosha njia. Wanauzunguka Mwezi, kisha wanaangukia Bahari ya Pasifiki na kuokolewa na meli.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha mbwa wao, Satellite. Anakufa kwa jeraha alilopata chombo kilipofyatuliwa, wanamtupa nje kupitia dirishani, na mzoga unaendelea kusafiri sambamba nao. Sayansi safi kabisa: huko hakuna hewa ya kuupunguzia mwendo.

Picha ya kutua imetoka kwenye filamu ya Georges Méliès ya 1902, ile ya kombora lililochoma jicho la Mwezi. Wenyeji waliomo wanafanana na wale wa riwaya ya H. G. Wells ya 1901.